Fundo la Ukindu

Siku Ndugu Jabir alipofika kwetu kisiwani Juani mara ya kwanza, mama alimpikia mayai ya buabua akamwambia ni ya kuku. Yote yaliyofuata yalianzia kwenye sahani ile, lakini simtupii mama lawama. Yeye alisema neno moja la kujisitiri mbele ya mgeni. Mimi nililikalia miaka sita.

Buabua ni ndege wa baharini, mdogo kuliko shakwe, mweupe, na kichwani mweusi kama aliyevaa kofia. Kila mwaka kusi linapokolea huja kutaga Fungu Jeupe, kisiwa cha mchanga na mawe kisicho na mti wala maji, mbele ya ncha ya Juani. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, mtu hufika huko kwa miguu juu ya mwamba, mwendo wa saa moja. Ndiyo maana mayai yale yalikuwa mali ya wanawake. Wanaume wana bahari yao. Sisi tulikuwa na mwamba, na mwisho wa mwamba kulikuwa na Fungu.

Kila mwanamke alikuwa na sehemu yake huko, tukiita konde, kama konde la mpunga. Siku ya kwanza ya bamvua ulikuwa unafagia: unayaondoa mayai yote ya kondeni mwako na kuyatupa majini, kwa sababu hujui lipi la jana na lipi limeshaanza kuwa kinda. Kisha unasimamisha kijiti na kukifunga ukindu, uzi wa jani la mkindu, kwa fundo lenye masikio mawili. Fundo lile lilisema: limefagiwa, na lina mwenyewe. Ukirudi siku ya tatu, mayai utakayoyakuta yote ni mabichi, na hakuna aliyekutangulia. Wake wenza waliogombana mpaka wakagawana majiko hawakuingiliana makonde. Tulifanya hivyo bamvua mbili tu. Baada ya hapo hatukukanyaga tena Fungu mpaka mwaka wa pili, tukawaacha ndege watage upya na kulea.

Ndugu Jabir hakuyajua hayo. Alikuwa mtu wa Tanga, kijana wa Chuo Kikuu, mwembamba, mwenye miwani aliyoifunga uzi kisogoni isianguke majini. Mwaka huo ulikuwa sitini na tisa. Alikuwa ametumwa kuhesabu ndege wa visiwani na kutafuta kama wanazidi au wanapungua. Bwana Mkadam, mwenyekiti wetu, ndiye aliyemleta nyumbani. Walikaa barazani wakingoja chakula, na mama alikuwa jikoni na sufuria yake mkononi.

"Kuna kisiwa kimoja nimepita," Ndugu Jabir alikuwa akisema, "watu bado wanakula mayai ya ndege wa porini. Kama watu wa kale, kabla hawajajua kufuga."

Alisema kwa kucheka, bila ubaya. Bwana Mkadam naye akacheka, ingawa asubuhi ile alikuwa amekula manne. Nilimwona mama akiitazama sufuria. Chakula kilikuwa kimeshaiva, na hapakuwa na kingine cha kumpa mgeni.

"Mama, mayai haya matamu," Ndugu Jabir alisema alipokwisha kuonja, "ila yananukia samaki."

"Kuku wa pwani, mwanangu," mama akajibu. "Ulidhani wanaokota mpunga?"

Bwana Mkadam alicheka mpaka akapaliwa. Ndugu Jabir akacheka naye na kuongeza mengine mawili. Mimi niliyakusanya maganda, yale yenye madoadoa, nikayafukia ndani ya jivu.

Alikuwa anataka mtu wa kumhesabia viota wakati yeye yuko visiwa vingine. Bwana Mkadam alinitaja mimi. "Anajua tarakimu," alisema, "na hana maneno." Yote mawili yalikuwa kweli. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na shule nilikuwa nimeiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza, wala ada haikukosekana. Mwalimu alikuwa na tabia ya kutusimamisha mmoja mmoja mbele ya wenzetu tusome kwa sauti, na mimi sauti hainitoki watu wakinitazama. Siku moja sikwenda, na ya pili sikwenda, na ikawa basi.

Kabla hatujaenda Fungu, Ndugu Jabir alitaka nielewe ninachohesabu ni cha nini. Aliazima bao la mjomba Pazi, kaka yake mama, akaliweka barazani pamoja na kete zake. Kwetu bao ni la wanaume. Nilikaa mbali kidogo, nikatazama.

"Kete moja ni ndege mia," alisema. Akaweka kete ishirini kwenye lile shimo kubwa ambalo wachezaji wanaliita nyumba. "Hawa ni wakubwa, wanaotaga. Ndege wawili, yai moja. Kwa hiyo mayai ni kete ngapi?"

"Kumi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Akaweka kete kumi kwenye shimo la mwanzo wa safu. "Kinda akisharuka, haonekani tena hapa. Mwaka wa kwanza yuko baharini, wa pili yuko baharini, wa tatu anarudi kutaga." Akazisogeza kete shimo kwa shimo, na kila shimo akiondoa moja mbili, waliokufa. "Na huku nyumbani kila mwaka wanakufa watatu katika ishirini, kwa uzee na dhoruba. Sasa swali langu ni moja tu. Wanaorudi wanafika watatu au hawafiki? Wakifika, nyumba imesimama. Wasipofika, nyumba inakwisha, hata kama leo mtu anaiona imejaa."

Mjomba Pazi alisema, "Basi wewe unacheza bao peke yako."

"Nacheza na Mungu, mjomba."

"Hapo utafungwa," mjomba akasema.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimelielewa. Sikumbuki kama shuleni niliwahi kuelewa kitu hivyo, chote kwa pamoja. Nilitamani aniulize tena.

Siku ya pili mjomba Pazi alitupeleka kwa ngalawa yake. Yeye alibaki majini akiizuia isigonge mawe, na sisi tukapanda juu. Ndege walikuwa bado wanawasili. Ndugu Jabir alipima viboksi kumi na viwili, kila upande hatua tano, na kila pembe akapigilia kigingi. Yai lolote litakalotagwa ndani ya viboksi nitalihesabu kila siku ya nne, mjomba akinivusha, na kila kinda pia.

"Vigingi havionekani," alisema alipotazama nyuma. "Tufunge kitu."

Kiunoni nilikuwa na ukindu, kama mwanamke yeyote apitaye mwambani, wa kufungia pweza. Nilipita kigingi baada ya kigingi nikifunga. Mikono yangu ilifunga fundo inalolijua, la masikio mawili. Sikuwaza lolote. Mtu akivaa kanga hawazi anapoipinda.

"Fundo zuri hilo," Ndugu Jabir alisema. "Halitafunguka."

Akaondoka kwenda Ras Mkumbi na visiwa vya huko, akaniachia daftari na penseli mbili.

Bamvua ilipoingia wanawake walikuja. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye kiboksi cha tatu. Bi Chiku, shoga yake mama, alisimama na pakacha lake, akavitazama vigingi vyote.

"Kidawa, umetajirika," alisema. "Makonde kumi na mawili?"

"Ya mgeni," nilisema.

"Na mgeni naye anafagia?"

"Anahesabu tu."

"Haya, ahesabu. Akimaliza atuambie mbinguni kuna nyota ngapi."

Walicheka, wakazunguka kwa nje. Hakuna aliyeingiza mguu. Walifagia kulia na kushoto, wakafunga vijiti vyao, wakaenda zao. Siku ya nne nilipokuja kuhesabu, ndani ya viboksi mayai yalikuwa yamejaa. Nje ulikuwa mchanga mtupu wenye nyayo.

Hapo ndipo nilipoelewa mikono yangu imefanya nini. Vile viboksi vilikuwa vimewekwa vionyeshe hali ya Fungu zima. Sasa vilikuwa mahali pekee Fungu zima ambapo yai halikuguswa.

Nilijiambia Ndugu Jabir akirudi nitamwambia. Niliyapanga maneno njiani, kwenda na kurudi. Nitamwambia: kaka, zile kindu zilikuwa na maana. Lakini akiniuliza maana gani, itabidi nimwambie makonde, na akiniuliza makonde ya nini, itabidi nimwambie kuku wa mama hawakuwa kuku. Itabidi nimwambie wale watu wa kale ni sisi, na yeye mwenyewe amekula nao na akaongeza mawili.

Alirudi kusi lilipokuwa linakatika, ndege wameshaanza kuondoka na makinda yao. Wala hakwenda Fungu, kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Alikaa barazani na daftari langu. Alipitisha kidole kwenye kila mstari, na kila ukurasa akitikisa kichwa kwa furaha.

"Kidawa, hesabu yako safi kuliko ya wenzangu wa chuoni. Katika mayai mia tatu na arobaini, makinda mia tatu! Sijawahi kuona." Kisha akainua macho. "Na huko nje ya viboksi? Hali ilikuwaje?"

Nilitazama miguu yangu. Mama alikuwa akipepeta mchele upande wa pili wa mlango, na ungo ulinyamaza.

"Ni hiyohiyo," nilisema.

Akaandika. Niliiona penseli ikienda. Ungo ukaanza tena.

Kabla hajaondoka, mwenyekiti aliitisha mkutano mbele ya ofisi ya kijiji. Ndugu Jabir alilitandaza bao mezani akawaonyesha watu kama alivyonionyesha mimi. Safari hii kete za viboksi zilikuwa tayari. Katika mayai kumi, wanaorudi nyumbani baada ya bahari ni watano. Wanaokufa nyumbani ni watatu. "Wanazidi," alisema. "Hata mkichukua mayai matatu katika kila kumi, bado nyumba yenu itasimama. Hiyo ni akiba ambayo hakuna anayeitumia."

Bwana Mkadam alikuwa amekwisha kuiona akiba hiyo inapokwenda. Wakati ule kila kijiji kilitakiwa kionyeshe kazi yake ya pamoja, na sisi tulikuwa na shamba la minazi lililoshikwa na mchwa. Akatangaza mradi wa mayai. Wanaume sita, mashua moja, matatu katika kila kumi, yapelekwe Kilindoni, makao ya wilaya, kwa ajili ya hospitali na shule. Watu wakapiga makofi.

Wanawake walikuwa wamekaa nyuma. Nilimsikia Bi Chiku akimnong'oneza mama, "Na makonde yetu je?"

"Makonde gani?" mama alisema bila kugeuka. "Si kuku?"

Hakuna aliyesimama. Kama mmoja wao angesimama ingembidi aanze kwa kusema mwenyekiti anayajua, na mgeni ameyala, na binti wa Biasha, yaani mimi, amesema uongo. Mimi nilikuwa karibu na meza kuliko wote. Zile kete tatu za akiba nilikuwa naziona. Zilikuwa ndizo zetu. Tulikuwa tumeshazila tangu enzi za bibi zetu, na nyumba ilikuwa imesimama kwa sababu tulikula hizo tu. Sasa zitachukuliwa mara ya pili. Nilisema moyoni: sasa. Kisha mkutano ukafungwa kwa dua.

Mwaka uliofuata mashua ilikwenda Fungu kabla ya bamvua. Wale wanaume hawakujua kufagia wala kufunga. Wao walihesabu kumi wakachukua matatu, kama walivyoambiwa, kwa uaminifu kabisa. Wanawake walipofika walikuta nyayo kila mahali. Hawakuacha kuchukua. Ila sasa kila mtu alichukua upesi popote alipokuta, bila fundo, kama mwizi, na bamvua zikawa tatu, zikawa nne. Mama aliacha kwenda. Alisema miguu inamuuma.

Nyuma ya jiko letu nilichimba vishimo vinne ardhini, kimoja kikubwa. Nilikusanya komwe ziwe kete. Nilifanya hivyo mama akienda kisimani, na akirudi nilivifukia kwa mguu. Nilicheza lile bao kwa hesabu ya kweli: kumi, toa matatu yetu, toa matatu ya mradi, toa yaliyokanyagwa. Ilibaki kete moja ya kurudi, mara nyingine mbili. Lakini mwaka wa kwanza nyumba haikupungua. Wala wa pili. Wale waliozaliwa kabla ya mradi walikuwa bado wako baharini, wanaingia mmoja mmoja kuchukua nafasi za waliokufa. Nikacheza tena, nikidhani nimekosea. Ilikuwa vilevile. Nyumba inakaa imejaa mpaka mwaka wa tatu, halafu inaanza kushuka, na ikianza haina wa kuizuia, kwa sababu vishimo vya nyuma yake vimeshakuwa vitupu.

Ikawa hivyo hasa. Sabini, sabini na moja, sabini na mbili, ndege walikuja wengi, na Bwana Mkadam alikuwa akisimama ufukoni na kusema, "Mnaona? Msomi si mchezo." Watu waliniambia nijivunie. Mimi nilikuwa nikiona vishimo vitupu. Kijiji kizima hapakuwa na mwingine aliyeweza kuviona, na ningesema wakati ule, tungekuwa tumeokoa makinda ya miaka mitatu. Hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko ule uongo. Uongo ulikuwa neno moja, nilikuwa mtoto. Kule kunyamaza nilikurudia kila asubuhi, nikijua.

Sabini na tatu wakapungua kidogo. Sabini na nne, tukiwa tunahangaika na kuhamishwa watu na kujenga upya, hakuna aliyetazama vizuri. Sabini na tano hata mtoto aliweza kuona. Kilindoni waliandika barua kuuliza mayai yako wapi, na Ndugu Jabir akarudi.

Alikuwa amenenepa. Sasa alikuwa na kazi serikalini Dar es Salaam, na miwani haikufungwa uzi. Alinisalimu kwa furaha, akamwambia mwenzake aliyekuja naye, "Huyu ndiye mhesabuji wangu wa kwanza." Tulikwenda Fungu pamoja na mjomba Pazi. Vigingi sita vilikuwa bado vimesimama. Ukindu ulikuwa umekwisha zamani. Alihesabu kutwa nzima. Wakubwa walikuwa wamebaki kumi na watatu katika kila ishirini.

"Sielewi," alisema ngalawani. "Matatu katika kumi, na hamjazidisha?"

"Hawajazidisha," mjomba alisema. "Wale wanahesabu kama wanahesabu rakaa."

Mkutano ulikuwa siku ya pili yake. Hapo ndipo jambo lilipogeuka likawa si langu tena peke yangu. Katika ufuko wa mashariki ya Juani palikuwa na dago, kambi ya wavuvi wanaotoka Kilwa na Bagamoyo na kukaa miezi michache kila mwaka. Mkuu wao alikuwa Hemedi, mtu mzima, mkimya, ambaye bamvua moja aliwahi kumbeba Bi Chiku mgongoni kutoka mwambani alipochomwa na mwiba wa samaki mguuni. Bwana Mkadam alimwita mkutanoni, akamkalisha mbele, peke yake kwenye benchi.

Ndugu Jabir aliweka bao mezani. Lilikuwa lilelile la mjomba, limezidi kupauka. Akazipanga kete ishirini nyumbani, akazungusha miaka sita mbele ya watu wote, polepole, akisema kila hatua. Mwisho wake nyumbani palikuwa na kete ishirini na mbili.

"Bao linasema wawe hivi," alisema. "Fungu linasema wamebaki kumi na watatu. Ama nimekosea mimi, na nimeirudia hesabu mara nyingi, ama kuna mkono mwingine unaochukua mayai, na unachukua mengi."

"Mkono wenyewe tunaujua," Bwana Mkadam alisema. "Watu wanakuja hapa hawana mke wala shamba, wanakula nini huko dagoni?"

"Tunakula samaki, mwenyekiti," Hemedi alisema. "Sisi wavuvi."

"Na kitoweo cha samaki ni nini? Yai."

Baadhi ya watu walicheka. Hemedi hakucheka. Katibu alikuwa ameshaanza kuandika: dago livunjwe katika siku saba, na wavuvi wale wasirudi tena Juani.

Niliitazama safu ya wanawake. Wote walikuwa wameinamisha vichwa, na mama alikuwa akiuzungusha uzi wa kanga yake kwenye kidole. Nilijua hakuna atakayesema. Nilijua kwa sababu mimi pia nilikuwa natazama chini.

Sikusimama kwa ushujaa. Nilisimama kwa sababu nilikuwa naliona bao limepangwa vibaya, na mikono yangu haikuvumilia. Nilipita katikati ya wanaume. Nilipiga magoti mbele ya meza, nikazirudisha kete zote zilipoanza: ishirini nyumbani, kumi kwenye mayai, na zile za baharini. Kisha kwenye mayai nikatoa tatu nikaziweka kwenye upindo wa kanga yangu.

"Hizo umeshazitoa," Ndugu Jabir alisema kwa upole. "Hizo ni za mradi."

Nikatoa tatu nyingine nikaziweka mezani. "Hizi ndizo za mradi," nilisema.

"Na hizo kangani?"

"Za mama. Na Bi Chiku, na sisi wote. Zilikuwa zinachukuliwa kabla hujaja. Kila mwaka."

Nikatoa na moja, ya yaliyokanyagwa, nikacheza miaka. Sauti ilikuwa haitoki vizuri, kwa hiyo nilizisogeza kete tu, mwaka kwa mwaka, na wale waliokuwa mbali wakasimama wapate kuona. Mwaka wa kwanza ishirini. Wa pili ishirini. Wa tatu ishirini. Wa nne ikaanza kushuka. Nilipofika wa sita sikuhesabu. Ndugu Jabir alihesabu mwenyewe kwa kidole, mara mbili.

"Kumi na nne," alisema. Akakaa. "Lakini viboksi, Kidawa. Viboksi vilikuwa vimejaa."

"Niliviwekea ukindu. Kwetu ukifunga hivyo, mtu haingii. Sikukusudia. Mikono ilifunga tu."

"Nilikuuliza. Nakumbuka nilikuuliza, huko nje hali ikoje."

"Nilikuambia ni hiyohiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa mahali ambapo mwalimu alikuwa akinisimamisha, na wote wananitazama.

"Niliona haya," nilisema. "Ulisema watu wa kale. Na ulikuwa umeshakula."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani mtu atacheka, na ingekuwa afadhali. Bwana Mkadam alianza kutafuta kitu mfukoni na hakukipata. Nyuma yangu nilisikia mtu akijikung'uta vumbi, na nilipogeuka nilimwona mama anaondoka, bila haraka, kanga ameivuta mpaka usoni. Bi Chiku akamfuata, kisha wanawake wote.

Katibu aliufuta ule mstari wa dago. Hemedi alinyanyuka, akasema, "Mwenyekiti, nimepewa ruhusa?" na alipopewa akaenda zake. Alipopita kwangu hakusema ahsante, na sikuwa na haki ya kuingoja.

Asubuhi Ndugu Jabir alikuja nyumbani na daftari jipya. Hakunikaripia. Aliniuliza kila konde lilikuwa wapi, la nani, lilikuwa na ukubwa gani, na mimi nikamtajia, na yeye akaandika, na hakunitazama hata mara moja. Alipofunga daftari alisema, "Ile taarifa imesomwa na watu wengi, Kidawa. Kuna visiwa vingine wameifuata." Alisema hivyo tu. Visiwa vyenyewe hakuvitaja, na mimi sikuuliza. Mpaka leo sijui ni vingapi.

Mama alimwandalia chakula kabla hajaondoka. Yalikuwa mayai tena. Aliyaweka mbele yake na kusema, "Haya ya kuku," na Ndugu Jabir akasema, "Ahsante, mama," na yeye na mwenzake wakala.

Mimi mama hakunisemesha mpaka mwezi ulipoandama. Siku aliyonisemesha tulikuwa tunatwanga. Aliweka mchi wake chini.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Miaka sita tunalala nyumba moja."

Akauchukua mchi wake tukaendelea.

Mradi ulivunjwa. Kijiji kiliamua wanawake warudishiwe Fungu, ila nusu ya makonde yafungwe, mtu asiyaguse mpaka ndege wazidi. Bwana Mkadam aliuliza nani ataweka alama, kwa kuwa vibao vya rangi vingeliwa na chumvi.

"Afunge Kidawa," Bi Chiku alisema. "Mkono wake hodari. Umefunga ndege, ukamfunga na msomi."

Hapo walicheka, wote, na mama pia alitabasamu kidogo akitazama pembeni. Nafunga mimi. Kila kusi likianza nakwenda Fungu na mzigo wa ukindu na kufunga vigingi themanini, kimoja baada ya kingine, fundo la masikio mawili. Wanawake wanapita nje yake. Wakinikuta nimeinama wanasema, "Kuku hawajambo, Kidawa?" Nami najibu hawajambo.

Huu ni mwaka wa tatu. Ndege hawajazidi. Wameendelea kupungua, na tayari wapo wanaosema kindu zangu hazisaidii, bora tuchukue yaliyobaki kabla hayajakwisha. Juzi Bwana Mkadam aliniuliza mbele ya watu kama nina hakika. Nilimwambia vishimo vya nyuma vimeanza kujaa, wako baharini, nyumbani wataanza kuonekana mwakani. Aliniangalia, na nilijua anachokikumbuka. Mara ya mwisho nilipoulizwa hali ya mahali ambapo muulizaji haoni, nilisema ni hiyohiyo.